Sindano ya Selina

Siku watu wa kijiji cha Bessy Cove walipomlilia Selina Dominix, mwenyewe alikuwa jikoni kwake, kavaa gauni la kulalia na soksi nene za mumewe, anakula mkate kwa jamu. Msicheke kwanza. Mambo yalianza asubuhi ileile, na yalianza kwa karatasi.

Karatasi yenyewe ilitoka hospitali ya mji wa St. John's, ikabandikwa kwenye mlango wa friji mwezi mzima. Ilisema kwamba mgonjwa aliyemaliza dawa za saratani achanjwe chanjo ya mafua, na wote wanaoishi naye wachanjwe pia. Garland, mumewe, aliisoma kila alipofungua friji kuchukua siagi. Asubuhi hiyo ya Novemba aliisoma kwa sauti.

"Leo ndiyo siku ya mwisho," alisema. "Nesi Rhoda yuko ukumbi wa shule mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo ni kwenda mjini, mwendo wa saa mbili kwa gari, na theluji hii."

"Kusoma najua."

"Basi?"

"Basi nini? Siendi. Mwaka mzima nimetobolewa, Garland. Mkono huu mishipa yake ikimwona nesi inajificha. Sindano zimenitosha."

Garland alifunga mlango wa friji, asimbishie. Huyu ni mvuvi wa kaa aliyebishana na serikali miaka miwili kwa ajili ya leseni yake, akashinda. Lakini kila habari ya chanjo ilipozuka, bwana huyu alinywea, akageuka kutazama dirisha. Selina aliliona hilo, akashukuru, wala hakuuliza.

Hakuuliza kwa sababu naye alikuwa na lake. Vuli iliyopita, kabla hajajua kwamba anaumwa, Garland ndiye aliyemburuta kwenda kuchanjwa. "Twende, mama, dakika mbili tu, na biskuti wanatoa." Alikwenda, akadungwa, akala biskuti. Siku ya tisa, Ijumaa, yuko kwenye beseni la kuogea, mkono wake ukagusa kidonge kigumu kwenye titi la kushoto. Siku ya tisa! Tangu hapo vitu hivyo viwili vilikaa pamoja kichwani mwake na havikuachana. Alijua ni ujinga. Angesikia mtu mwingine anasema hivyo angemcheka. Lakini usiku wa kemo, zile dawa za saratani, anapotapika mpaka nyongo, akili ilirudi palepale: ile sindano ndiyo iliyoniletea. Na angemwambiaje Garland? Mtu aliyempeleka kwa mikono yake mwenyewe? Afadhali aonekane mkaidi.

"Haya," Garland alisema. "Kama huchanjwi, basi watu hawaingii humu. Jana Blanche kaingia anapiga chafya kama mbuzi."

"Dada yako huyo, si wangu."

"Kakubusu?"

"Kwa nguvu. Nimemwambia aondoke, akaniambia nimekuwa malkia."

Mtafahamu kwamba Bessy Cove hapabishwi hodi. Mlango wa nyuma unasukumwa tu, mtu anaingia na viatu vyake, anainua kifuniko cha sufuria, ndipo anaamkia. Anayebisha hodi ni polisi au mtu wa kodi. Kitasa cha mlango wa kina Dominix kilikuwa na miaka thelathini hakijageuzwa, na Garland ilimbidi akipige nyundo mpaka kikafunga. Kisha akapita nyumba nzima akishusha mapazia, ya mbele, ya nyuma, ya pembeni.

"Ya nini hayo?" Selina aliuliza.

"Wakikuona wataingia. Wasipokuona watadhani tumetoka. Nakwenda kuleta maziwa na mafuta ya taa, nusu saa tu. Usimfungulie mtu. Hata Blanche. Hasa Blanche."

Akaondoka na gari.

Sasa, Bessy Cove mapazia yote hayashushwi mchana ila kwa jambo moja: ndani kuna maiti. Garland alilijua hilo tangu anatambaa. Aliwafanyia vivyo hivyo mama yake na baba yake walipofariki. Lakini asubuhi ile aliwaza mafua ya Blanche tu, hakuwaza kingine. Na Selina, aliyekuwa ndani, alifurahia kagiza kale na utulivu wake. Akachovya kisu kwenye jamu.

*

Kengele ya kanisa ilianza kulia alipokuwa kwenye kipande cha pili.

Kwa kawaida yao kengele humlilia marehemu pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake, na hakuna mtu mzima wa pale asiyehesabu. Selina aliweka kisu chini, akahesabu. Nani jamani? Mzee Hubert? Hapana, ilipita thelathini, arobaini, ikazidi kwenda. Ikapita hamsini. Ikasimama hamsini na tisa.

"Hamsini na tisa," Selina alisema peke yake. "Nani ana hamsini na tisa?"

Akapitisha nyumba moja moja kichwani, hakumpata. Ndipo akasikia theluji inakanyagwa nyuma ya nyumba, miguu mingi, na sauti ya Blanche, wifi yake, imekatika kwa kilio.

"Umefungwa! Mlango umefungwa! Ee Mungu wangu, basi ni kweli!"

"Na gari halipo," ilisema sauti nyingine, ya Mildred, jirani wa upande wa juu. "Atakuwa amekwenda kuagiza jeneza, maskini. Peke yake. Kamwacha peke yake humo ndani."

Selina alisimama na mkate mkononi. Alielewa taratibu, na alipoelewa jambo la kwanza lililomjia halikuwa hofu. Lilikuwa hasira. Ana miaka hamsini na saba! Mjomba Azaria, mpiga kengele, kamwongezea miwili bila haya.

Alikwenda mpaka dirisha la sinki ili afungue awapashe. Mkono wake ulipofika kwenye pazia, Blanche akaanza tena, na Selina akabaki hapo hapo.

"Mimi ndiye niliyemuua, Mildred."

"Usiseme hivyo, mwenzangu."

"Nasema! Jana nimeingia humu na mafua yangu haya. Akaniambia, Blanche, usinisogelee. Nikamwambia, we malkia we, acha kujidekeza. Nikambusu kwa lazima. Kwenye shavu hapa. Maneno yangu ya mwisho kwa wifi yangu, acha kujidekeza! Kaka yangu atanitazama vipi?"

"Alikuwa na kansa, Blanche."

"Alikuwa anapona! Nywele zimeanza kumwota, nimeziona, laini kama za kifaranga. Nimemmaliza mimi."

Kikafuata kilio ambacho Selina hakuwahi kukisikia kwa mwanamke yule, mwanamke aliyemnyanyasa miaka thelathini kwa habari ya mapishi na vumbi la makabati. Nje Mildred alikuwa anapenga kamasi.

"Alikuwa mtu mwema," alisema Mildred. "Ila ulimi."

"Ulimi alikuwa nao."

"Na mkate wake wa zabibu ulikuwa mkavu, Mungu amrehemu."

Hapo Selina akaachia pazia likaruka juu.

Jamani! Kioo kizima kikajaa kichwa chake, kipara, macho makubwa, jamu kwenye kidevu. Mildred alipiga ukelele uliosikika mpaka gatini. Sufuria aliyokuja nayo ikamtoka, supu ya njegere ikamwagika yote kwenye theluji. Mzee mmoja akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Nani kawaambia nimekufa?" Selina alisema, akafungua dirisha kidogo.

"Mapazia!" Blanche alisema. "Umeshusha mapazia, Selina!"

"Kashusha kaka yako. Kwa ajili yako wewe na chafya zako."

Blanche alikimbilia dirishani mikono imenyooka mbele, anacheka na kulia, pua inamtiririka.

"Usisogee!" Selina alisema. "Blanche, usisogee!"

Blanche alisimama. Kisha, mwanamke yule asiyeambiwa kitu, akarudi nyuma hatua moja, hatua mbili, hatua ya tatu, mpaka mgongo ukagusa uzio. Akabaki pale, mikono bado ameinyoosha, hajui pa kuiweka. Selina alimtazama, na kitu kikamchoma kifuani kuliko kovu la upasuaji. Alitaka kukumbatiwa. Alitaka kukumbatiwa na Blanche, hebu fikirini, na hakuweza.

Wakati huohuo gari la Garland likaingia. Alishuka na maziwa ya kopo kifuani, akaona watu ishirini uani kwake, akaona wanaume wanavua kofia, maana wanaume waliokuwa mbele ya nyumba hawakuwa wamepata habari mpya. Makopo yakamwanguka moja baada ya jingine. Hakukimbia. Alipiga magoti kwenye njia, pale pale, kwenye theluji iliyochanganyika na matope, na akatoa sauti ambayo si neno.

"Garland!" Selina aliita dirishani. "Garland Dominix! Inuka, niko hai! Utapata baridi!"

Garland alimtazama kama asiyemjua. Ilibidi yule mzee wa kofia na Mildred wamshike makwapa wamwinue.

*

Nesi Rhoda alikuwa amesikia kengele akiwa ukumbini, akafunga kazi yake mapema, akaja kuwafariji wafiwa. Alikuta marehemu anagombana kupitia dirishani na mpiga kengele juu ya umri wake. Kisanduku cha baridi chenye chanjo alikuwa amekibeba begani, kwa kuwa hakuruhusiwa kukiacha mahali. Aliwatawanya watu kwa maneno machache, akavaa barakoa, akanawa mikono kwenye sinki, akaketi jikoni. Garland alikaa kwenye kiti kingine, suruali imelowa magotini. Alikuwa ameushika mkono wa Selina na hakuonyesha dalili ya kuuachia.

"Ningejua nimekufa ningeoga," Selina alisema.

Hakuna aliyecheka.

"Selina," Rhoda alisema, "nimeongea na hospitali wiki iliyopita. Daktari wako anasema muda wako umefika, unaweza kuchanjwa. Jina lako limekuwa kwenye orodha yangu mwezi mzima. Sikulazimishi. Ila niambie kinachokuzuia, maana habari ya kuchoka sindano siiamini. Wewe ulizaa bila ganzi, nilikuwepo."

Selina alitazama kitambaa cha meza. Nje bado alisikia kikohozi cha Blanche, kakataa kwenda kwake, kakaa kwenye ngazi za Mildred. Nimemmaliza mimi. Kwa busu! Mtu mzima, mwenye akili zake, anajihukumu kwa busu. Na yeye amefanya nini mwaka mzima ikiwa si hilohilo?

"Utanicheka," alisema.

"Nitakucheka baadaye."

"Vuli ile uliponichanja. Siku ya tisa nikaupata uvimbe." Alisema haraka ili asirudi nyuma. "Najua. Najua si hivyo. Lakini kila nikifikiria sindano ile nauona ule uvimbe. Sikutaka kusema kwa sababu..." Akamtazama mumewe. "Kwa sababu wewe ndiye uliyenipeleka. Nikaona ukisikia utajilaumu bure."

Garland alikuwa ameinama. Alipoinua uso, ulikuwa umelowa.

"Siku tisa," alisema. "Nilihesabu."

"Ulihesabu nini?"

"Nilihesabu siku, Selina. Usiku ule uliponiita bafuni nikushike uone kama nami nausikia, nililala nahesabu. Nikasema ni mimi. Nimemshawishi mke wangu kwa biskuti, nimempeleka kuuawa. Mwaka mzima. Ukitapika, najisemea ni mimi. Ndiyo maana sikukulazimisha safari hii. Nilijua unanilaumu, ila unanihurumia tu, hutaki kunisema."

"Mimi nikulaumu wewe?"

"Sasa ungemlaumu nani?"

Walitazamana. Miaka thelathini na mbili kwenye kitanda kimoja, na kila mmoja alikuwa amelala na jambo lilelile, kalificha nyuma ya mgongo wake ili mwenzake asilione. Selina aliona hasira, kisha aibu, kisha mapenzi yakamjaa mpaka hakujua ashike wapi. Akampiga kofi dogo begani.

"Mjinga wewe!"

"Mjinga mimi? Na wewe?"

"Nyote wawili," Rhoda alisema. Alivua miwani, akaifuta, maana barakoa ilikuwa imeitia ukungu, au alijisingizia hivyo. "Nisikilizeni. Aliyekudunga ni mimi, si Garland, kwa hiyo kama ni wa kulaumiwa mngeniita. Uvimbe walipoutoa ulikuwa na ukubwa gani?"

"Sentimita mbili na kitu."

"Sentimita mbili hazioti kwa siku tisa, mwenzangu. Ulikuwa humo zamani, pengine miaka. Ulikuwa nao siku ile ulipoandika jina pale mlangoni pa ukumbi, kabla sijakuchanja. Ulikuwa nao Krismasi ya kabla yake, ukicheza na Azaria mpaka akavunja kiti. Chanjo hii haiumbi uvimbe, wala haina kirusi kilicho hai. Ile ya kupuliza puani ndiyo haikufai wewe, na hiyo sijaileta."

"Akilini naelewa," Selina alisema. "Mwili ndio unaokataa."

"Mwili una haki yake. Wala sikuahidi kwamba hutaugua. Kinga yako bado changa, huenda chanjo isikushike kama inavyonishika mimi. Lakini ikikupunguzia hata nusu ya makali, ni nusu ya kukaa hospitali. Na ndiyo maana wanaokuzunguka nao wachanjwe. Kuanzia na huyu."

Garland alimeza mate. Mtu huyu amewahi kujishona kidole mwenyewe baharini kwa uzi wa nyavu, lakini sindano ya nesi ilimlegeza tangu utotoni, na kijiji kizima kilijua.

Selina hakupata ujasiri wowote mpya, tusidanganyane. Alichokipata ni kuchoka. Alichoka kukaa kwenye giza na mkate wake. Alichoka kumwambia mtu anayemlilia arudi nyuma mpaka kwenye uzio.

"Huu wa kulia," alisema, akapandisha mkono wa gauni. "Wa kushoto walitoa tezi za kwapani, wameniambia usidungwe. Fanya haraka kabla sijabadilisha mawazo. Na Garland asiniachie."

Garland hakumwachia. Sindano iliingia, ikatoka, jambo la kupepesa macho. Selina alishusha pumzi, akagundua amefumba macho, akayafumbua. Jiko lilikuwa lilelile.

"Na wewe, shujaa," Rhoda alimwambia Garland.

Alichanjwa amekaa sakafuni, kwa hiari yake, ili asiwe na pa kuangukia. Selina akakaa naye sakafuni, akamshikia kichwa.

*

Siku zilizofuata mkono ulimuuma kidogo, kisha ukaacha. Garland alilalamika wake siku nne. Blanche, mafua yalipokwisha, alikwenda mjini mwenyewe akachanjwa, akarudi akisimulia kila nyumba, na wiki nzima alikuwa anaongea na Selina dirishani tu, mpaka Rhoda alipomruhusu. Hata mkate wa zabibu aliusifu, na Selina akamwambia asiongope.

Siku ya tisa iliangukia Ijumaa. Hakuna aliyeitaja. Asubuhi Garland alikunywa chai akasema atakuwa bandani anatengeneza mitego ya kaa, halafu hakwenda bandani. Alikaa kwenye ngazi za nyuma na kikombe kitupu.

Saa tisa alasiri Selina alijaza beseni, akavua nguo, akaingia. Maji yalikuwa ya moto, mazuri. Akakaa na mikono yake miwili juu ya kingo, kushoto na kulia, na mikono ile ikakataa kushuka. Aliiambia ishuke. Alijiambia yote Rhoda aliyoyasema, sentimita na miaka, na yote aliyaamini, na mikono haikushuka. Maji yakaanza kuwa vuguvugu.

"Garland!"

Alifika kabla jina halijaisha.

"Siwezi," Selina alisema. "Nitazame wewe."

Alivua koti. Alikunja mikono ya shati, akanawa kwa maji moto kwenye sinki, muda mrefu, akapuliza vidole ili visiwe baridi. Kisha akapiga magoti kando ya beseni. Mikono ile mikubwa, yenye makovu ya kamba, aliiweka kwanza kwenye ukingo.

"Nianzie wapi?"

"Popote. Anza tu."

Alianza titi la kulia, taratibu, kwa ncha za vidole, akizunguka kama nesi wa hospitali alivyomwonyesha Selina na yeye amesimama mlangoni anajifanya hatazami.

"Hakuna," alisema.

"Kwapani?"

"Hakuna."

"Tazama tena."

Alitazama tena. "Hakuna kitu, mke wangu."

"Na huku?"

Huku ni upande wa kushoto, mahali palipobaki mshono tu, mrefu, wa rangi ya waridi. Tangu siku ya kisu Selina hakumruhusu apaguse, na yeye hakuomba. Walikuwa wamezoea kupakwepa, kila mtu kwa adabu yake. Garland alimtazama usoni kwanza. Kisha akaweka mkono wake wote pale, akaupitisha kutoka mwanzo wa kovu mpaka mwisho.

"Hapo!" Selina alishtuka. "Hapo pana kitu kigumu!"

"Huo ni ubavu, Selina."

"Una hakika?"

"Unao upande huu pia. Mimi ninao. Hata Blanche anao, ingawa ni vigumu kuupata."

Selina alicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni. Garland naye alicheka, halafu kicheko kikamgeukia, akaweka shavu lake juu ya kovu, ndevu na yote, akalia jinsi ambavyo hakuwahi kulia kemo nzima. Selina aliishusha mikono yake kutoka kwenye kingo, akamshika kichwa.

"Maji yamepoa," Garland alisema baada ya kitambo, bila kuinuka.

"Najua. Kaa hivyohivyo."